Matt Busby: Kiungo Aliyepakwa Mafuta Matakatifu Mara Mbili



Wapendwa vijana wenzangu, leo nawaletea maisha ya mtu wa mpira. Hapa kwetu Sirari huna haja ya kumuuliza mtu anashabikia timu gani. Siku ya mechi pita kwenye banda umiza lolote, au simama tu barabarani ya kwenda mpakani uangalie bodaboda zinavyopita na jezi nyekundu za Manchester United. Ila ukiwauliza wenye jezi hizo nani aliijenga timu hiyo, wengi watakutajia Sir Alex Ferguson. Sawa, naye alifanya yake. Lakini kabla yake alikuwepo mzee mwingine wa Kiskoti, Mkatoliki, kiungo wa zamani, aliyeikuta United haina hata uwanja wa kuchezea. Anaitwa Matt Busby. Alifariki mwaka 1994, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa.

Niseme mapema: Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, na mimi simtangazi. Alikuwa mlei, mume na baba, aliyeenda Misa na kazini kama wazazi wetu. Ndiyo sababu namleta.

Mtoto wa mgodini

Alexander Matthew Busby alizaliwa tarehe 26 Mei 1909 huko Orbiston, kijiji cha wachimba makaa ya mawe karibu na Bellshill, Uskoti. Familia yake ilikuwa na asili ya Ireland, na ilikuwa ya Kikatoliki. Wakatoliki wa Uskoti wakati ule walikuwa wachache na wengi wao maskini, na dini yako ilitosha kumwambia mtu unashabikia timu gani na utapata kazi wapi. Sisi wa Tarime tunaojua jinsi koo zinavyoweza kuwagawa watu wa kijiji kimoja, hilo halitupi shida kulielewa.

Baba yake alikuwa mchimbaji. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza akaenda jeshini, na mwezi Aprili 1917 akauawa kule Arras, Ufaransa. Matt hakuwa ametimiza miaka minane. Vita hivyohivyo viliwachukua na wajomba na baba zake wadogo. Yaani mtoto huyu aliyekuwa mvulana pekee nyumbani, na dada zake watatu, akajikuta ndiye mwanaume wa familia.

Shuleni alikuwa na akili, akafika hadi sekondari ya Kikatoliki ya Our Lady's kule Motherwell. Lakini nyumbani hali ilikuwa ngumu, akashuka mgodini kama baba yake. Mama naye aliona hakuna maisha pale, akaomba kibali cha kuihamisha familia Marekani. Wakati karatasi zinasubiriwa, mwaka 1928, Manchester City wakamuona Matt anacheza na kumpa mkataba wa mwaka mmoja kwa pauni 5 kwa wiki. Alikuwa na miaka 18.

Nawafikiria vijana wa kwetu wanaoacha shule kwenda kuokota mawe yenye dhahabu Nyamongo. Siwahukumu, njaa haina mwalimu. Ninachoomba tukione katika kijana huyu ni kwamba shimo la mgodi halikumtoa Misani, wala halikumwondolea heshima kwa mama yake.

Nafasi yake uwanjani

City walimsajili kama mshambuliaji wa ndani, na mambo hayakwenda. Alikuwa mzito kidogo, alikumbuka nyumbani, na kwa miaka miwili alijiona kama mtu aliyepotea njia. Mwaka 1930 Manchester United, timu maskini wakati ule, waliulizia bei yake. City wakataka pauni 150. United hawakuwa nazo! Fikiria, timu ambayo angekuja kuifanya ijulikane dunia nzima ilimkosa kwa pauni 150.

Mabadiliko yalikuja siku ambayo timu ya akiba ilipungukiwa na kiungo wa kulia, naye akaombwa kuziba pengo. Hapo ndipo walipogundua walikuwa wamempanga pasipomfaa. Mbele, mpira ulimfika akiwa amewapa mgongo wenzake. Huku nyuma aliuona uwanja wote mbele yake, na pasi zake zikaanza kuwafikia wenye mbio. Kumbe kasi haikuwa tatizo kama anaona mapema.

Akiwa kiungo alicheza fainali ya Kombe la FA mwaka 1933, City wakafungwa 3-0 na Everton. Mwaka uliofuata wakarudi fainali na kuifunga Portsmouth 2-1. Golikipa wao, Frank Swift, alikuwa kijana mdogo sana, na filimbi ya mwisho ilipolia akazimia golini. Shikeni jina hilo, Frank Swift, tutakutana naye tena.

Mwaka 1931 Matt alikuwa amemuoa Jean Menzies. Walibaki na watoto wawili, Sandy na Sheena. Lakini walizika pia watoto wanne wa kiume waliofariki wakiwa wachanga. Wanne. Vitabu vya mpira vinapita hapo kwa mstari mmoja na kurudi kwenye magoli. Nadhani aliyewahi kuona mama wa jirani akitoka hospitali ya wilaya mikono mitupu hawezi kupita haraka namna hiyo.

Mwaka 1936 alihamia Liverpool kwa pauni 8,000, akawa nahodha. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, ligi ikasimama na Busby akaingia jeshini, kwenye kikosi cha wakufunzi wa mazoezi ya viungo. Huko ndiko alikoanza kufundisha, na ndiko Italia alikomsikia Jimmy Murphy, Mkatoliki kutoka Wales, akiwahutubia askari habari za mpira. Akamwomba wakafanye kazi pamoja baada ya vita.

Kocha asiye na uwanja

Oktoba 1945 Busby alianza kazi Manchester United. Uwanja wa Old Trafford ulikuwa umepigwa mabomu na ndege za Wajerumani mwaka 1941, hivyo timu ikawa inaazima uwanja wa Manchester City hadi mwaka 1949. Klabu ilikuwa na madeni. Walipompa mkataba wa miaka mitatu alikataa, akataka mitano, kwa sababu alijua anachotaka kujenga hakimaliziki kwa mitatu.

Zamani hizo kocha wa Uingereza alikuwa mtu wa tai, anakaa ofisini, mazoezi wanafanya wengine. Busby alivaa nguo za mazoezi, akashuka uwanjani na wachezaji. Mwaka 1948 wakachukua Kombe la FA kwa kuifunga Blackpool 4-2, na mwaka 1952 ubingwa wa ligi.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi waliliona la hatari. Badala ya kununua wachezaji wenye majina, yeye na Murphy waliwatafuta wavulana wa miaka 15 na 16, wakawalea na kuwapandisha. Duncan Edwards kutoka Dudley, Bobby Charlton kutoka kaskazini, Eddie Colman wa palepale jirani, Liam Whelan kutoka Dublin. Waandishi wakawaita Vijana wa Busby. Wakabeba ligi mwaka 1956 na 1957. Hakuuliza kijana anasali wapi.

Wakati huo Kombe la Klabu Bingwa Ulaya lilikuwa ndiyo limeanza. Viongozi wa ligi ya Uingereza hawakulitaka, na mwaka 1955 waliwazuia Chelsea wasishiriki. Busby akakataa kuzuiwa. Mwaka 1956 akaipeleka United, klabu ya kwanza ya Uingereza kucheza mashindano hayo. Ulikuwa uamuzi wake, alioupigania mwenyewe. Kumbukeni hilo tunapoendelea.

Munich, 6 Februari 1958

Tarehe 5 Februari 1958 United walitoka sare ya 3-3 na Red Star kule Belgrade, wakaingia nusu fainali. Kesho yake ndege yao ikatua Munich, Ujerumani, kujaza mafuta. Theluji ilikuwa inaanguka. Marubani walijaribu kuruka mara mbili, wakakatisha. Abiria wakashushwa, kisha wakaitwa tena. Inasimuliwa kwamba Liam Whelan, Mkatoliki wa miaka 22, alisema kabla ya jaribio la tatu kwamba kama saa imefika, yeye yuko tayari.

Mara ya tatu ndege haikuinuka. Ilitoboa uzio, ikagonga nyumba, ikapasuka. Katika watu 44 waliokuwemo, 23 walifariki. Wachezaji walikuwa wanane, Whelan akiwa mmoja wao. Duncan Edwards alipigania maisha hospitalini kwa siku 15, akafariki akiwa na miaka 21. Walikufa pia katibu wa klabu, wakufunzi wawili na waandishi wanane. Mmoja wa waandishi hao alikuwa Frank Swift, yule golikipa aliyezimia kwa furaha mwaka 1934, ambaye baada ya kustaafu mpira alikuwa ameshika kalamu.

Busby alipondeka kifua na kuvunjika mguu. Wakamlaza katika hema la oksijeni, na mara mbili padre aliitwa kumpaka mafuta matakatifu. Mara mbili walimuaga. Mara mbili hakuondoka.

Madaktari walikataza asiambiwe nani wamekufa. Ilikuwa kama wiki tatu baadaye, mtawa mmoja wa Kifransisko alipomjulisha kwamba Duncan Edwards hayupo tena. Basi Busby akamtaka mkewe amwambie ukweli wote. Akawa anataja jina mojamoja, na Jean anamjibu yupi yuko hai na yupi amekwenda. Hebu jiwekeni katika chumba kile. Wale walikuwa watoto aliowachukua mwenyewe mikononi mwa mama zao na kuahidi kuwatunza.

Lawama

Hapa ndipo maisha ya mtu huyu yaliponigusa zaidi. Busby hakulia tu, alijilaumu. Nani aliyelazimisha kwenda Ulaya? Yeye. Nani angeweza kusema tusiruke mara ya tatu, na hakusema? Yeye. Akamwambia mkewe kwamba mpira basi, hataki kuuona tena.

Kijana mmoja wa hapa kwetu aliwahi kuniuliza swali ambalo sikulijibu haraka. Alikuwa amempakia rafiki yake kwenye pikipiki usiku, lori likawafuata upande wao, rafiki akafa yeye akapona. Hakuwa amelewa, hakuwa anakimbiza. Lakini ni yeye aliyesema twende. Akaniuliza kama hiyo ni dhambi ya kupeleka kitubio.

Katika falsafa tunafundishwa kutenganisha vitu viwili: kuwa sababu ya jambo na kuwa na hatia ya jambo. Uamuzi wako unaweza kuwa kwenye mnyororo wa mambo yaliyoleta msiba bila wewe kuutaka, kuujua wala kuuzembea. Dhamiri inahukumu ulichojua na ulichotaka. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba maneno hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, kwa sababu moyo unaouma hauponi kwa kupewa somo. Nenda kwa padre, si kwa sababu umeua, bali kwa sababu umebeba kitu ambacho Kristo yuko tayari kukibeba pamoja nawe.

Na kulikuwa na mwingine aliyebebeshwa mzigo mzito zaidi, rubani James Thain. Uchunguzi wa Wajerumani ulimlaumu kwamba hakuondoa barafu kwenye mabawa, naye akapoteza kazi. Alijitetea kwa miaka kumi hivi, mpaka mwaka 1969 uchunguzi wa Uingereza ulipoonyesha kwamba chanzo ni theluji iliyoyeyuka juu ya njia ya kurukia, nayo ikaipunguza ndege kasi. Tuwe waangalifu jamani na midomo yetu kwenye misiba. Tunapenda kumtafuta mwenye kosa kabla hata mazishi hayajaisha.

Jean ndiye aliyemwinua Busby. Alimwambia kwamba wale vijana waliokufa wangetaka aendelee. Mke hakumwambia hana hatia, wala hakumwambia asahau. Alimgeuza kutoka kuwatazama wafu kama mashtaka, akamfanya awaone kama watu waliompenda.

Miaka kumi

Nyumbani, Jimmy Murphy ndiye aliyeibeba timu. Hakuwa kwenye ndege kwa sababu alikuwa amebaki na timu ya taifa ya Wales. Siku 13 baada ya ajali United wakacheza, na kwenye kijitabu cha mechi nafasi za majina ya wachezaji wa United ziliachwa wazi, maana hakuna aliyejua nani atacheza. Wakashinda 3-0. Wakafika hata fainali ya Kombe la FA, wakafungwa na Bolton, Busby akiangalia akiwa na fimbo ya kutembelea.

Akarudi kazini, akaanza upya. Kombe la FA mwaka 1963, ligi 1965 na 1967, akiwa na Denis Law, George Best na Bobby Charlton aliyenusurika Munich.

Tarehe 29 Mei 1968, miaka kumi baada ya ajali, United wakacheza fainali ya Ulaya pale Wembley dhidi ya Benfica. Wapinzani waliongozwa na nahodha Mário Coluna, kiungo, na mbele alikuwepo Eusébio. Wote wawili ni wana wa Msumbiji, jirani zetu. Ikiwa 1-1, dakika zinaisha, Eusébio akabaki na golikipa tu, akapiga shuti kali. Stepney akadaka. Katika dakika za nyongeza United wakafunga matatu, mchezo ukaisha 4-1. Charlton alifunga mawili. Bill Foulkes, naye mnusurika wa Munich, alicheza beki akiwa na miaka 36.

Mwaka huohuo Malkia alimpa cheo cha Sir. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alimpa nishani ya Mtakatifu Gregori Mkuu, heshima wanayopewa walei kwa utumishi wao.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Alipoacha ukocha mwaka 1969 hakujua kuondoka. Alibaki klabuni kama meneja mkuu, kivuli chake kikawa kikubwa mno kwa Wilf McGuinness aliyemrithi, ambaye hakudumu hata miaka miwili. Busby akarudi kushika timu kwa muda, akaachia tena mwaka 1971, na mwaka 1974 United wakashuka daraja. Alishindwa pia kumwokoa George Best na pombe. Mlezi wa mamia ya vijana alimpoteza mmoja aliyempenda sana mbele ya macho yake. Walezi wa VIWAWA na TYCS mnaosoma hapa, hilo mnalijua.

Jean alifariki mwaka 1988. Matt alifuata tarehe 20 Januari 1994, akiwa na miaka 84, baada ya kuiona United ikirudisha ubingwa mwaka 1993 uliokuwa umepotea tangu ule wake wa 1967. Mwaka huohuo wa 1993, Afrika nasi tulilia ya kwetu: ndege ya timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini karibu na Gabon tarehe 27 Aprili, wote 30 wakafa, kocha Godfrey Chitalu akiwemo.

Tunabeba nini?

Mosi, Mpako wa Wagonjwa. Hapa kwetu padre akionekana anaingia kwenye nyumba ya mgonjwa, majirani wanaanza kuulizana mazishi lini. Ndiyo maana familia nyingi humwita amekwisha kukata kauli. Mtume Yakobo katika sura ya tano ya waraka wake anazungumza juu ya wazee wa Kanisa kumwombea mgonjwa, na Bwana kumwinua. Sakramenti hii ni ya kumtia nguvu aliye hai. Busby aliipokea mara mbili, akaishi miaka 35 zaidi. Simaanishi mafuta ni dawa ya kuzuia kifo. Namaanisha tusiyaogope, tumwite padre mapema.

Pili, ujasiri. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba tendo kuu la ujasiri ni kustahimili, kuliko kushambulia. Tukiwa banda umiza tunamshangilia anayefunga. Lakini kati uwanjani yupo anayepokea presha, anageuka, anatoa pasi, anapoteza mpira, anaurudisha. Busby alikuwa kiungo wa namna hiyo kwa miaka yote, hata alipokuwa hachezi tena.

Tatu, mlezi akubali kuondoka. Hilo hakuliweza, na tujifunze hata kwa alichoshindwa.

Maswali ya kutafakari wiki hii: Ni msiba gani ninaujibebesha kama hatia? Nani ninamlaumu bila kujua ukweli? Nani nyumbani kwetu ni mgonjwa na bado hatujamwita padre?

Tuombe. Ee Bwana, wapokee vijana wote waliofia njiani, wa Munich, wa Gabon na wa barabara yetu ya Sirari. Uwaangalie waliobaki hai, hasa wale wasiolala usiku kwa kujilaumu. Uwape mtu wa kuwainua kama Jean alivyomwinua mumewe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.